Kubeba bastola mlimani msimu wa elki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa Waswahili wanaowinda, au wanaojiandaa kuwinda, kwenye milima ya Montana, Idaho na Wyoming, Marekani. Wengi wetu tulifika miji ya Missoula au Boise tukitokea Kongo, Burundi au kambi za Tanzania na Uganda, tukamwona jirani anarudi na elki mzima (mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu) kwenye pikapu, na baada ya muda nasi tukaanza kuulizia leseni. Kuhusu bunduki ya kuwindia kuna maelezo tele. Swali linalorudi kila msimu ni hili la bastola: uiweke wapi mwilini ili utembee nayo kutwa bila kuteseka, na bado uifikie ukiihitaji.

## Mambo ya kuanzia

Bastola ya nini, nami tayari nina bunduki begani?

Bunduki ni ya elki. Hatari ya dubu mara nyingi humkuta mwindaji wakati bunduki haiko mkononi: ameinama juu ya mnyama, mikono yote miwili imejaa damu na kisu, bunduki ameiegemeza kwenye mti hatua kumi kando. Harufu ya matumbo inasafiri mbali. Tena msimu wenyewe, Septemba hadi Novemba, ndio dubu anakula kwa pupa kabla ya kulala majira ya baridi.

Wanaowinda kwa upinde wana mtihani zaidi. Wanatembea bila sauti, wamevaa nguo za kufanana na kichaka, wamejipaka dawa ya kuua harufu, halafu wanalia kama elki jike. Kwa maneno mengine wamefanya kila kitu cha kumwita dubu, na silaha waliyonayo ni mshale mmoja.

Hata hivyo, si kila safari inahitaji bastola. Grizli, wale dubu wakubwa wa kahawia, wamejaa hasa maeneo yanayozunguka hifadhi ya Yellowstone, na kaskazini kuelekea hifadhi ya Glacier. Sehemu kubwa ya Idaho ina dubu weusi tu, ambao kwa kawaida hukimbia wakisikia mtu. Ukienda kuwinda kulungu kwenye tambarare za mashariki mwa Montana, iache nyumbani. Ni zaidi ya kilo moja ya chuma unayoibeba bure.

Si wanasema kopo la pilipili la kumpulizia dubu ni bora kuliko bastola?

Wanasema, na wana ushahidi. Watafiti Tom Smith na Stephen Herrero, pamoja na wenzao, walichapisha mwaka 2008 uchambuzi wa matukio ya Alaska ambapo watu walimpulizia dubu pilipili. Asilimia 98 ya waliokuwa na kopo dubu alipowakaribia hawakuumia hata kidogo. Mwaka 2012 wakachapisha mwingine kuhusu silaha za moto, wenye matukio 269, nao ukaonyesha bastola zilifaulu katika asilimia 84. Matukio ya tafiti hizo mbili hayafanani, kwa hiyo usiziweke kwenye mizani kama nyanya sokoni, ila funzo liko wazi: kopo linafanya kazi, na halihitaji ulenge vizuri huku magoti yanagongana.

Kopo lina mipaka yake. Linafika mita 7 hadi 10 hivi, upepo wa mbele unakurudishia mwenyewe, na lina tarehe ya kuisha muda. Msimamo wetu: kopo kwanza, bastola ya pili, na vyote viwe mwilini. Kama huna nafasi ya kufanya mazoezi ya bastola, beba kopo peke yake, na maswali mengi yaliyobaki hapa hayakuhusu.

Watu hubeba bastola gani?

Aina mbili ndizo utakazoziona sana. Ya kwanza ni bastola bapa za magazini (kasha la risasi linalochomekwa kwenye mpini) zinazotumia risasi ya 10mm, kama Glock 20, ambayo ikijaa risasi 15 ina uzito wa takriban kilo 1.1. Ya pili ni rivolva, yaani bastola za silinda inayozunguka, zinazotumia risasi ya .44 Magnum. Hizi nyingine ni nzito kupita kilo 1.2 zikiwa tupu. Nyingine, kama Smith & Wesson 329PD, ni nyepesi kama gramu 700 lakini ukifyatua mkono unalia.

Kwa ajili ya ubebaji, jambo kubwa ni umbo. Bastola ya magazini ni bapa na inalala kifuani vizuri. Rivolva ina silinda inayojitokeza, na silinda hiyo utaijua kila ukivuta pumzi kwa nguvu mlimani. Ukali wa risasi ni mjadala mwingine. Chagua ile unayoweza kuipiga haraka na ikapiga unapotaka.

## Mahali pa kuiweka

Kifuani, kiunoni, pajani au kwenye shanta: ipi inafaa?

Kwa mwindaji anayebeba shanta zito na kupanda mlima, kifuani. Sababu ni kwamba shanta linatawala mwili wako wote isipokuwa kifua. Mikanda yake inapita mabegani, mkanda wake mkubwa unabana nyonga mahali pale pale ala (mfuko wa kuchomekea bastola) ya kiunoni ingekaa, na mgongo ni wake. Pale kifuani, chini ya darubini inayoning'inia shingoni na juu ya kitovu, ndipo pamebaki wazi. Mkono wowote unafika, ukiwa umesimama, umekaa, umepiga magoti, au umelazwa chali, na hali hii ya mwisho ndiyo inayotutia hofu sote.

Kiunoni panafaa siku ya matembezi mafupi bila mzigo. Pajani, kama wafanyavyo askari wa operesheni, panapendeza kwenye picha. Ukianza kupanda, kila hatua unainua ile kilo moja kwa mguu uleule, na ikifika saa nane mchana mguu huo umechoka kuliko mwenzake. Kuruka magogo yaliyoanguka nako ni shida, maana matawi yanaikamata.

Kuna pia vijishanta vidogo vya kifuani vyenye zipu, bastola inakaa ndani. Vinaficha vizuri na vinazuia vumbi, lakini kufungua zipu kwa mkono wenye glavu kunakula sekunde, na dubu anayekuja kasi hakupi nyingi. Kama unakipenda, hakikisha ndani mna ala ngumu inayofunika triga (kifyatulio), isiwe bastola inaelea na funguo na biskuti.

Nikiifunga kwenye mkanda wa shanta kuna ubaya gani? Ni rahisi sana.

Ni rahisi, na ndiyo njia tunayoikataa kuliko zote. Shanta likivuliwa, bastola imeondoka. Na mwindaji huvua shanta lini? Anapochuna, anapopumzika, anapojisaidia, anaponyemelea mita za mwisho. Karibu kila hali ya hatari.

Septemba 2018, katika pori la Teton Wilderness, Wyoming, mwongoza wawindaji alikuwa na mteja wake wakishughulikia elki waliyempiga kwa mshale jana yake. Bastola ilikuwa imeachwa na mizigo, kando kidogo. Grizli walipowavamia, mteja aliifikia bastola lakini haikuweza kuokoa hali, na yule mwongozaji, mtu mwenye uzoefu wa miaka, akauawa. Waongozaji wengi wa ukanda ule wakizungumzia kubeba bastola, tukio hili haliko mbali na midomo yao.

Kanuni basi: vaa ala kwanza, shanta baadaye. Mikanda ya ala ipite chini ya mikanda ya shanta, ili shanta livuliwe peke yake. Fanya hivyo hivyo na kopo la pilipili.

Kiunoni, kwenye mkanda wa suruali, haifai kabisa?

Inafaa kwa masharti. Tumia mkanda mgumu hasa, siyo ule wa kitambaa uliokuja na suruali. Ala iteremke chini kidogo ya nyonga, ili mkanda wa shanta ukae juu ya mpini bila kuufunika. Jaribu ukiwa na shanta lenye kilo 15 au zaidi, siyo tupu, kwa sababu mzigo ukiongezeka mkanda unashuka na kukaa juu ya bastola yako. Wanaotumia shanta dogo la siku moja wengi huishia hapa na wanaridhika.

Ala ya kwapani, kama ya askari kanzu kwenye sinema?

Mikanda yake na ya shanta itagombania bega lilelile, na nyingi zinalaza bastola mtutu ukielekea nyuma. Anayekufuata kwenye njia hatafurahi. Ruka.

Ala ya kifuani inagombana na mfuko wa darubini. Nifanyeje?

Hili ndilo tunaloulizwa kuliko yote. Zikikaa sehemu moja, huwezi kuchomoa bastola bila kusukuma darubini, na darubini ikianguka inapiga mpini.

Suluhisho ni ghorofa mbili. Pandisha mfuko wa darubini ukae juu, karibu na mifupa ya kola. Teremsha ala hadi ukingo wa chini wa mbavu, ikilala mshazari: mpini uelekee mkono unaotumia, mtutu uelekee nyonga ya upande wa pili. Kati ya chini ya mfuko na mpini ipatikane nafasi ya ngumi moja. Kaa chini, inama, kisha chomoa. Mpini ukikwama, ongeza nafasi.

Baadhi ya watengenezaji wa mifuko ya darubini huuza ala inayoning'inia chini ya mfuko wenyewe. Inapunguza mikanda, na kwa joto la Septemba hiyo ni nafuu kweli. Kasoro yake ni ile ya shanta: ukivua darubini kwa sababu zinakusumbua wakati wa kuchuna, bastola nayo imekwenda. Ukiichagua, jizoeze kutovua.

Natumia mkono wa kushoto.

Agiza ala ya mkono wa kushoto. Usigeuze ya kulia juu chini. Watengenezaji wakubwa wanazo, ila utasubiri kidogo, kwa hiyo agiza mapema, usingoje wiki ya ufunguzi.

Mimi ni mwanamke na ala ya kifuani hainikai.

Nyingi zimekatwa kwa kifua bapa cha mwanamume, na mkanda wa bega unapita pabaya. Tafuta ala ambayo sahani yake, yaani bamba linalolala kifuani, ni ndogo na ina mikanda inayorekebishwa sehemu tatu au zaidi, kisha iteremshe kabisa hadi chini ya mbavu, karibu na tumbo. Wapo waliojaribu yote wakarudi kiunoni na shanta dogo, na hakuna ubaya. Kibindo cha mbele kilichotengenezwa kwa ajili ya bastola nacho kinafaa kwa safari nyepesi, kwa masharti yale ya triga tuliyoyataja kwenye vijishanta vya zipu.

## Ala yenyewe

Ngozi, Kydex au nailoni?

Kydex ni plastiki ngumu inayofinyangwa kwa umbo la modeli moja ya bastola. Hainyonyi maji, inashika bastola kwa mlio wa "tak", inafunika triga barabara, na mdomo wake unabaki wazi ukirudisha. Inapiga kelele ikigusa tawi, na baridi ikizidi unaihisi kupitia shati. Kwa jumla ndiyo tunayoipendekeza kwa anayeanza.

Ngozi ni kimya, inazoea mwili, na kwa rivolva nzito hakuna kinacholala vizuri kama ngozi. Waongozaji wa Alaska wengi hawataki kingine. Lakini inanyonya jasho na mvua, na bastola iliyolala ndani ya ngozi yenye unyevu asubuhi utaikuta na madoa ya kutu. Usiku itoe.

Nailoni ya bei rahisi, ile inayosema "inatosha bastola zote", iache dukani. Inalegea, triga inaonekana, na ukiitikisa bastola inatoka. Tofauti ya bei kati yake na ala nzuri ni dola mia hivi, na umekwisha kulipia leseni, buti na mafuta ya gari.

Ukiwa na tochi iliyofungwa kwenye bastola, ala lazima iwe imetengenezwa kwa bastola hiyo na tochi hiyo. Usichonge mwenyewe.

Nitajuaje kwamba inanikaa sawa?

Toa risasi zote, ziweke chumba kingine, hakikisha chemba (tundu la risasi nyuma ya mtutu) ni tupu, kwa jicho na kwa kidole. Vaa nguo zote za mlimani pamoja na shanta lililojaa, kisha tembea nyumbani saa nzima. Panda ngazi. Kaa sakafuni ukiegemea ukuta, kama unavyokaa ukichungulia bonde kwa darubini. Piga magoti kama unachuna.

Halafu angalia sehemu tatu. Shingoni: mkanda ukikata karibu na shingo, usogeze nje kuelekea bega. Kwenye mbavu: vuta pumzi hadi mwisho, mkanda wa mbavu usipokuruhusu, legeza, kwa sababu kwenye mlima wa mita 2,500 utavuta pumzi hivyo kila hatua. Mwisho rukaruka mahali. Bastola ikipiga kifua, kaza mkanda wa mbavu kuliko wa bega. Wa mbavu ndio unaotuliza, wa bega unabeba uzito tu.

Chomoa polepole mara nyingi, na utazame mtutu unapita wapi. Kwa ala ya mshazari, kosa la kawaida ni mtutu kupita juu ya mkono wa pili uliokuwa umeshika kitu mbele. Mkono huo ubandike kifuani kabla hujachomoa. Na ukirudisha bastola, rudisha kwa kuangalia. Hakuna anayekukimbiza wakati wa kurudisha.

Kagua skrubu. Kydex hulegea kwa mtikisiko wa wiki moja tu. Tone la gundi ya skrubu kila mahali, na bisibisi ndogo kwenye shanta.

Risasi ikae chemba?

Kwenye ala ngumu inayofunika triga yote, kwa mtu aliyefanya mazoezi, ndiyo. Bastola inayohitaji mikono miwili ili iwe tayari haifai kitu dubu akiwa ameshika mkono mmoja. Kwa mtu ambaye bado anashtuka akichomoa, hapana: abebe kopo, na bastola ibaki chemba tupu mpaka atakapokuwa amefundishwa na mwalimu uwanjani.

Tahadhari kwa wenye rivolva za kizamani za kuvuta nyundo kwa gumba, mtindo wa kikauboi. Zile ambazo hazina kizuizi cha nyundo, zikiwemo Ruger za kabla ya 1973 ambazo hazijafanyiwa marekebisho, zikianguka zinaweza kufyatuka zenyewe. Hizo hujazwa risasi tano, na nyundo ikae juu ya tundu tupu.

## Siku nzima mlimani

Koti la mvua linaifunika bastola. Nivae juu au chini?

Ala juu ya nguo zote za joto, koti la mvua juu ya ala, zipu ikiwa imeshushwa hadi chini ya mpini. Mvua ikiwa ya kumwagika, funga, lakini fahamu kwamba kwa muda huo silaha yako ya haraka ni kopo. Kwa hiyo kopo lisifunikwe. Kumbuka kulegeza mikanda unapoongeza sweta asubuhi na kuikaza unapolivua mchana. Weka alama ya kalamu kwenye mkanda kwa vipimo viwili hivyo.

Theluji ikiingia kwenye ala inaganda na bastola inang'ang'ania. Chomoa na kurudisha kila baada ya muda ukiwa mahali salama, mtutu chini.

Kuhusu kuificha ndani ya koti kisheria, tazama sehemu ya sheria hapo chini.

Nguo ya rangi ya chungwa nayo je?

Montana inamtaka mwindaji wa bunduki aonyeshe angalau inchi za mraba 400 za rangi ya chungwa juu ya kiuno. Ala, mfuko wa darubini na shanta kwa pamoja vinaweza kuifunika fulana yote. Chagua fulana pana yenye mabega na ubavu, ongeza kofia, kisha mwombe mwenzako akutazame mbele na nyuma ukiwa umebeba kila kitu.

Nikilala kifudifudi kulenga, inanichoma.

Itakuchoma. Sukuma ala yote kuelekea kwapa la mkono wa pili kabla hujalala, au lenga ukiwa umekaa, ukitumia shanta kama egemeo. Usiivue na kuiweka kwenye nyasi. Ndivyo bastola nyingi zinavyobaki mlimani.

Napanda farasi na mwongozaji. Kuna tofauti?

Kifuani tena. Kiunoni inapiga tandiko, na kwenye mfuko wa tandiko inaondoka na farasi akishtuka.

Nikichuna niiweke wapi ili isichafuke?

Iache pale pale, ichafuke. Damu inasafishika. Mmoja achune, mwenzake asimame ametazama upande upepo unakoelekea, kwa sababu huko ndiko dubu anayefuata harufu atatokea. Kama uko peke yako, kata haraka, sogeza mapaja ya mnyama mbali na matumbo yake, na upige kelele. Huu si wakati wa kunyamaza.

Ukirudi siku ya pili kuchukua nyama iliyobaki, jongea kutoka mahali unapoona mbali. Ukikuta imefukiwa kwa udongo na majani, dubu ameshaimiliki. Ondoka.

Usiku kwenye hema?

Ndani ya ala yake, mahali palepale kila siku, karibu na tochi na kopo, siyo chini ya mto. Kama mna watoto kambini, mpango ni mwingine: iwe kwenye mwili wa mtu mzima au kwenye kasha lenye kufuli. Baridi ikiwa kali, bastola ikitoka nje na kuingia kwenye hema lenye jiko itatoa jasho, na asubuhi jasho hilo ni barafu ndani ya mitambo. Iache upande wa baridi wa hema, na upake mafuta kidogo sana. Mafuta mengi yanakuwa mazito kwenye baridi kali.

## Sheria na hali za pembeni

Mimi si raia wa Marekani. Naruhusiwa?

Mwenye kadi ya kijani (ukaazi wa kudumu), na aliyeingia kama mkimbizi, hayumo kwenye kundi lililokatazwa kwa sababu ya viza. Aliyekuja kwa viza ya muda, kama ya mwanafunzi au mtalii, kwa kawaida amekatazwa kumiliki au kushika silaha, isipokuwa awe na leseni halali ya uwindaji au aingie kwenye misamaha mingine michache. Kununua bastola dukani kunahitaji miaka 21. Mtumiaji wa bangi anakatazwa na sheria ya serikali kuu hata kama jimbo, Montana likiwemo, limeihalalisha.

Tunalisisitiza hili kwa kuwa kosa la silaha ambalo raia angelipia faini na kwenda nyumbani linaweza kumfukuzisha nchini asiye raia. Kama hali yako ya uhamiaji ina mkunjo wowote, muulize wakili wa uhamiaji kabla ya kwenda dukani, usimuulize muuzaji.

Bastola ikifunikwa na koti, nimevunja sheria?

Inategemea jimbo. Montana tangu 2021, Wyoming na Idaho zinaruhusu kuificha bila kibali, lakini kila moja ina masharti. Idaho, kwa mfano, imeufunga msamaha huo ndani ya miji kwa raia wa Marekani na wanajeshi. Nje ya mipaka ya mji sheria ni pana zaidi. Mwenye kadi ya kijani wa Boise basi asisimame kituo cha mafuta mjini akiwa na bastola chini ya koti kwa sababu tu anaelekea mlimani. Aisafirishe bila risasi ndani ya kasha, avae ala akifika anapoegesha gari.

Na ukiegesha, usiiache garini mchana kutwa bila kasha lililofungwa kwa mnyororo. Wezi wanazijua sehemu hizo.

Kwenye hifadhi ya Yellowstone?

Tangu Februari 2010 sheria inaruhusu kuwa nayo ndani ya hifadhi za taifa kwa kufuata sheria za jimbo husika. Kuwinda hakuruhusiwi, kufyatua hakuruhusiwi, na kwenye majengo ya hifadhi huingii nayo. Kopo la pilipili linaruhusiwa.

Msimu wa upinde peke yake, naweza kuwa na bastola?

Fungua kijitabu cha kanuni cha jimbo lako cha mwaka huu, sehemu ya upinde, kila mwaka. Hata panaporuhusiwa kwa kujilinda, usimalizie nayo mnyama aliyejeruhiwa.

Nataka kwenda Alaska. Kwa gari au kwa ndege?

Ukiwa na bastola, ndege. Barabara inapita Kanada, na Kanada haimruhusu mwindaji wa kawaida kutembea na bastola. Kwenye ndege, bastola iwe tupu ndani ya kasha gumu lenye kufuli, kwenye mzigo wa kupakiwa, na uitangaze kaunta. Kopo la pilipili halipandi ndege kabisa, si mkononi wala kwenye mzigo; nunua ukifika.

Nikimpiga dubu itakuwaje?

Kwenye majimbo 48 ya bara (yaani bila Alaska na Hawaii), grizli wanalindwa na sheria ya viumbe walio hatarini tangu 1975. Kujitetea au kumtetea mtu kunakubalika. Kutetea nyama hakukubaliki, kwa hiyo ukimkuta kwenye elki wako, elki ni wake. Ukishampiga, jiondoe uende mahali salama, usimguse, usichukue kucha wala picha za kujisifu, na piga simu kwa idara ya wanyamapori ya jimbo mara tu mtandao unapopatikana. Watachunguza umbali, mwelekeo wa risasi, na kama ulikuwa na kopo. Alaska ina utaratibu wake: ngozi yenye kucha na fuvu vinakabidhiwa serikalini, pamoja na taarifa ya maandishi ndani ya siku 15.

Nikienda nyumbani likizo, naweza kuwinda nayo?

Hapana. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania ina uwindaji wa kitalii, lakini ni wa bunduki ndefu, chini ya kampuni yenye kitalu na vibali vyake, na askari wa wanyamapori yupo pembeni. Bastola ibaki kwenye kasha lake Missoula, na ufunguo usiondoke nao.